Maundu na Marashi ya Njugu

Ukiingia soko la Voi kwa upande wa mitumba, ukawapita mafundi wa simu na akina mama wa viazi, pua itakufikisha kwa Maundu kabla macho hayajakiona kibanda chake. Rafu zake zimejaa chupa za mafuta ya marashi yanayotoka Mombasa: udi, waridi, miski, na mengine yenye majina ya Kizungu ambayo wateja huyataja kwa madaha bila kujua yana maana gani. Hayo kila mtu anayauza. Kitu alichokuwa nacho Maundu peke yake, kilichowatoa watu Mwatate na hata Taveta kuja kumtafuta, ni chupa moja fupi isiyo na jina lolote juu yake. Watu waliiita "ile ya njugu".

Wengi walicheka walipoisikia mara ya kwanza. Nani anataka kunukia kama mfuko wa mtoto wa shule? Halafu Maundu aliwapaka tone moja kwenye kifundo cha mkono, akawaambia wakanunue mboga kwanza, warudi. Walirudi wakiwa wameinua mkono hadi puani. Harufu yenyewe haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya kitu kikavu chenye joto, na utamu uliojificha nyuma ya moshi, na chini yake Maundu alikuwa ametia vanila kidogo na sandali. Ikishakaa shingoni mwa mtu hadi adhuhuri, ungedhani ni ngozi yake mwenyewe iliyokuwa juani.

Kuitengeneza kulikuwa na kazi. Njugu mbichi hazina harufu ya maana. Harufu yake huzaliwa motoni. Na ukizikamua mafuta, mafuta hayo hukaa muda mfupi tu kisha yanavunda, na aliyejipaka anaanza kunuka kama sufuria ya jana. Kwa hiyo Maundu hakuyataka mafuta. Alichukua njugu zilizokaangwa zikiwa bado na moto, akaziponda nusunusu, akazitumbukiza katika spiriti ya kutengenezea marashi na kuzitikisa kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Baadaye aliupeleka mtungi wa kioo kwenye bucha ya rafiki yake Gibson na kuuweka ndani ya friza, katikati ya matumbo na maini, mpaka mafuta yagande. Hapo ndipo alipochuja kwa kitambaa cha pamba. Kilichobaki kilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, kina harufu tele na mafuta hakuna. Gibson alilalamika kila mara kwamba siku moja wateja wataidai nyama yenye marashi. Na kila aliyekuja kununua, Maundu alimuuliza kwanza kama njugu humdhuru, kwa maana wapo watu ambao ngozi zao hufura. Hao hakuwauzia hata wakimpigia magoti.

Njugu zenyewe zilikaangwa na mkewe, Wakesho. Ukitaka ukweli wote, hata wazo la marashi lilitoka kwake.

Maundu ni Mkamba. Baba yake alitoka Kitui kuja kufanya kazi ya reli, akasahau kurudi. Wakesho ni wa Sagalla, kule mlimani juu ya mji, na alipokuwa msichana alishuka Voi kila siku na beseni la njugu kuwauzia abiria wa mabasi. Alizikaanga ndani ya mchanga wa Mto Voi, mchanga uliooshwa na kuchekechwa, kwenye karai pana juu ya jiko la makaa. Mchanga huishika njugu pande zote, haiungui upande mmoja ikabaki mbichi upande wa pili. Wakesho hakuwahi kuonja kujua zimeiva. Alisimama tu, akageuza na mwiko, na ghafla akaipua karai kwa sababu pua imemwambia. Harufu ile ilimwingia kwenye nywele, kwenye leso, kwenye viganja. Maundu alimpenda kupitia pua, na hakuona aibu kusema hivyo mbele za watu. Walipooana, alikaa kibandani mchana kutwa akiikosa ile harufu, mpaka akaamua kuitia kwenye chupa apate kuwa nayo kazini. Kwamba watu wengine nao wangeitaka, hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Basi mambo yalikuwa hivyo kwa miaka. Binti yao Shanice akakua, akaenda shule ya bweni. Kisha mwaka jana, msimu wa baridi, Maundu akashikwa na homa kali.

Homa ilipoisha, iliondoka na pua yake. Hakusikia harufu yoyote, hata ya spiriti. Aliweza kuuza kwa kuijua rafu yake kwa macho na kuchanganya kwa kuhesabu matone aliyoyazoea, na hakuna mteja aliyegundua. Alijikaza kisabuni, akangoja. Na kweli, baada ya wiki nyingi harufu zilianza kurudi moja moja: sabuni, mafuta ya taa, waridi. Siku alipoisikia waridi tena alifunga kibanda mapema, akaenda kumnunulia Gibson soda.

Jioni iyo hiyo alifika nyumbani akakuta panya amefia darini.

Angalau hivyo ndivyo alivyodhani. Uvundo ulimpiga langoni, mchanganyiko wa plastiki iliyoungua na kitu kilichooza. Alichukua ngazi, akapanda, akafunua dari, akachungulia na tochi. Wakesho alikuwa uani akigeuza njugu zake, akamuuliza anatafuta nini.

"Kuna kitu kimeoza hapa."

"Mimi sinusi kitu, Baba Shanice."

Alitafuta kila pembe. Alihamisha magunia, akamulika chini ya kitanda. Hatimaye akatoka uani, na kila hatua aliyopiga uvundo uliongezeka, mpaka akajikuta amesimama mbele ya karai. Alirudi ndani, akakaa kitandani, akishukuru angalau amejua ni nini. Kisha Wakesho akaingia, akajifuta mikono kwa leso, akaja kumkalia karibu kama kawaida yao, na uvundo ule ule ukaja naye.

Daktari wa kliniki hakushangaa. Alimwambia kwamba baada ya homa za namna ile pua ya mtu inaweza kurudi nyaya zake zikiwa zimechanganyika, na vitu vya kukaanga ndivyo huharibika zaidi: kahawa, vitunguu, njugu. Huenda ikajirekebisha baada ya miezi au mwaka. Huenda isijirekebishe. Alimshauri anuse vitu vinne vitano kila asubuhi, aifundishe pua upya. Dawa hakuna.

Maundu alirudi akiwa mzito. Kahawa angeweza kuiacha. Hata marashi yale angeweza kuyaacha, japo yangemuuma. Lakini harufu ya njugu ndiyo iliyokuwa harufu ya mkewe, haikumtoka yote hata akioga, na bila Wakesho Maundu hakujiona akiishi. Angemwambiaje? Njugu ndizo zilizokuwa fahari yake. Angeziacha siku iyo hiyo kwa ajili yake, na angeziacha kwa uchungu. Au angezikaanga akijua kwamba kila akimsogelea mumewe, mumewe anajizuia kutapika. Katika hayo mawili hakuona lenye nafuu, akaamua kunyamaza mpaka pua ipone.

Na hapa ndipo mtu wa marashi alipofanya kosa la mtu wa marashi. Mwingine angesingizia mafua. Maundu alikuwa ameishi maisha yake yote akitibu harufu kwa harufu, kwa hiyo akaleta nyumbani udi. Akafukiza chumba cha kulala. Akanyunyiza miski kwenye mashuka. Akamletea Wakesho sabuni za kunukia, moja baada ya nyingine, na mafuta ya nywele, na dawa ya kufulia leso. Alipotoka kazini alikimbilia bafuni kwanza, akatoka amejimwagia waridi mpaka shingo inang'aa, akaipaka hata chini ya pua. Kitandani aligeukia ukutani. Yeye alijiona mjanja, kwamba amepata njia ya kubaki karibu na mkewe bila kumuumiza.

Sasa jiweke mahali pa Wakesho. Mume aliyezoea kukushika mkono mezani hakushiki tena. Akirudi, anaoga kabla ya kukusalimia. Amejaza nyumba manukato kama anayefukuza harufu ya mtu fulani, na juu ya yote hayo anakununulia sabuni. Mwanamke gani wa Voi, au wa mji mwingine wowote, angekosa kulijua jibu?

Wakesho hakupiga kelele. Alipita kwa Gibson, akaagiza nyama, na huku ikikatwa akamuuliza polepole kama Baba Shanice ana rafiki mpya.

Gibson alicheka hadi akaweka kisu chini. "Maundu? Shemeji, huyu akipata mwanamke wa pili atakuja kuniuliza mimi amfanyie nini."

Lakini Gibson alikuwa rafiki wa Maundu, na rafiki humfichia rafiki yake. Wakesho alilipa, akaenda nyumbani, akapakia karai, mwiko na chekecheke. Alimwambia mumewe kwamba dada yake Tryphena anahitaji msaada shambani huko Sagalla, anakwenda kwa siku chache. Mtu hapakii karai kwa siku chache. Maundu aliliona lile karai limefungwa juu ya bodaboda, akajua, na bado hakumzuia. Kilichomtia haya zaidi ni kwamba ile siku ya kwanza nyumba ilipokuwa haina uvundo, alivuta pumzi hadi chini kabisa na kufurahi. Alipogundua anafurahia nini, alikaa kwenye ngazi ya mlango akalia.

Wiki iliyofuata alikuja Lois, mwalimu wa Bura, mteja wake wa siku nyingi. Alikuja na chupa mkononi.

"Maundu, hii umenipatia nini?"

"Si ile ya njugu?"

"Hii imeungua. Niliingia darasani nayo, watoto wakaanza kuulizana nani anachoma kitu." Lois hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi. "Uko sawa kweli?"

Ilikuwa chupa ya mtungi wa mwisho. Njugu zake Maundu alikuwa amezikaanga mwenyewe Wakesho akiwa sokoni, ili asimwombe mkewe azilete karibu, na pua ameiziba kwa kitambaa kilicholoweshwa waridi. Alidhani rangi ingetosha kumwonyesha zimeiva. Alimrudishia Lois pesa zake, akaziondoa chupa zote za njugu kwenye rafu, akafunga kibanda. Hakwenda nyumbani. Alisimamisha bodaboda, akaomba apelekwe Sagalla.

Kwa Tryphena kulikuwa na mkutano wa kina mama wa kanisa kesho yake, na Wakesho alikuwa amepewa kazi ya njugu. Karai lilikuwa motoni. Maundu aliusikia uvundo tangu kwenye kona ya mwisho, akamwambia mwendeshaji amshushe pale, akamalizia kilima kwa miguu akimeza mate. Tryphena alikuwa anamimina maji kwenye pipa, maji aliyoyapigia foleni tangu asubuhi. Alimwona, hakumkaribisha kiti.

Wakesho aliendelea kugeuza mwiko. "Umefuata nini? Umekosa wa kukupikia?"

Maundu alisimama mbali kama mdeni. "Nimekuja kukwambia ukweli."

"Sema. Dada yangu si mgeni."

Akapiga moyo konde, akasema yote. Homa, pua, panya wa dari, daktari, udi, sabuni. Alipomaliza, Tryphena alitua ndoo.

"Shemeji, mimi nimesikia wanaume wakijitetea. Lakini hii, kusema mke wako ananuka ndiyo maana unaoga? Ungetafuta uongo wenye adabu kidogo."

Wakesho alichota njugu na mchanga wake kwa kibakuli cha bati, moshi ukipanda, akatembea mpaka alipokuwa mumewe, akaweka kibakuli chini ya pua yake.

"Nusa."

"Mama Shanice, tafadhali..."

"Nusa."

Maundu alinusa. Akatapika papo hapo, kando ya mlango wa shemeji yake, mtu mzima aliyevaa shati la kazini, akishika ukuta kwa mikono miwili. Ukweni kuna mambo mengi mwanamume hafanyi, na hilo liko juu kabisa. Tryphena alikimbilia majivu ya kufunikia, akisema "Yesu, Yesu," na Wakesho akaanza kucheka. Alicheka mpaka akachuchumaa, kibakuli bado mkononi, kicheko cha mtu aliyekuwa amejiandaa kwa msiba akakuta hakuna maiti. Mwanamke mwingine hakuwapo. Hakuwahi kuwapo.

Kisha kicheko kikakatika. Akamtazama mumewe akijifuta mdomo.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi pia nanuka hivyo kwako?"

Maundu angeweza kudanganya hapo. Alikuwa na mazoezi ya kutosha.

"Ndiyo," alisema.

Wakesho alirudi akakaa kwenye kigoda chake. Njugu zilizobaki kwenye karai zilianza kuungua, na kwa mara ya kwanza tangu Tryphena amjue, mdogo wake hakuziipua. Tryphena ndiye aliyeziondoa motoni.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," Wakesho alisema mwishowe. "Huyo ningemtafuta nikamng'oa nywele. Hii nitapigana na nani?"

Maundu alimwambia kwamba amemkosa, kwamba nyumba haina harufu na haina mtu, na kwamba hataki aache kukaanga. Wakesho alisikiliza akichora mchanga kwa mwiko.

"Kilichoniuma si pua yako," alimwambia. "Pua ni ugonjwa. Uliniona mimi ni yai, nikiambiwa neno nitavunjika. Nimebeba beseni kutoka huku mlimani tangu nikiwa mdogo. Ungeniambia." Halafu akamwambia arudi Voi, yeye atakuja akitaka.

Alikuja baada ya mkutano wa kina mama, na karai lake. Hakuuliza mtu aliweke wapi. Aliliweka uani mahali pake pa zamani, akatangaza masharti. Atakaanga mumewe akiwa sokoni. Ataoga na kubadili nguo kabla hajarudi. Udi utoke chumbani, unamuumiza kichwa. Na sabuni zote zile zigawiwe majirani, hataki kuziona.

Kwa upande wa marashi, walianza kufanya kazi wawili. Wakesho ndiye aliyekuja kibandani kunusa. Maundu alivuta matone kwa sirinji, akachanganya, akampa karatasi iliyochovywa, na kusubiri uso wake. Wakesho hakuwa na maneno ya watu wa marashi. Alisema "bado mbichi," au "imepita," au "hii ni ya harusi, hii ni ya matanga," na Maundu akapunguza sandali au kuongeza vanila kufuatana na hukumu hiyo, kama kiziwi anayepiga ngoma kwa kuwatazama wachezaji. Mara nyingine waligombana. Lois alipoletewa chupa mpya alifumba macho, akasema ndiyo yenyewe. Maundu alimwamini kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Ile ya njugu ikarudi kwenye rafu, na mwenyewe akaiuza siku nzima akiwa ameifunga kifuniko barabara.

Pua yake haijapona. Waridi iko, miski iko, limau iko. Kahawa imepata nafuu kidogo, sasa inanuka kama mpira tu. Njugu bado.

Mwezi uliopita maji yalikatika mjini. Si jambo geni Voi, lakini mara hii yalichelewa kurudi, na wenye mikokoteni waliouza mitungi hawakuonekana mtaani. Maundu alirudi jua likiwa bado juu, akamkuta Wakesho amesimama uani karibu na jiko lililozimwa, leso yake ya kazi bado kiunoni, majivu hadi kwenye viwiko. Kwenye pipa hakukuwa na hata kopo moja la maji.

"Usikaribie," alimwambia. "Sijaoga na sina cha kuogea. Nitalala chumba cha Shanice leo. Chakula chako kipo mezani."

Maundu aliingia ndani. Wakesho alimsikia akivuta kitu, akadhani anakula. Alikuwa anatoa viti viwili nje. Aliviweka ukutani kivulini, vimegusana, akakaa kwenye kimoja.

"Njoo."

"Baba Shanice, nimekwambia sijaoga."

"Nimesikia."

Alikuja hatua mbili, akasimama. Alimtazama usoni jinsi Maundu alivyozoea kumtazama yeye kibandani, akitafuta hukumu, na akaiona: jasho juu ya mdomo, koo linavyopanda na kushuka.

"Bado?"

"Bado."

"Vibaya?"

"Vibaya sana."

"Sasa unaniitia nini?"

"Nimechoka kukungoja uoge," alisema Maundu. Akapiga kiti cha pili kwa kiganja. "Nikitapika, nitatapikia hapa hapa, nikiwa nimekaa na wewe. Kaa, Wakesho."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Shanice azaliwe. Wakesho alifungua leso kiunoni ili aitupe mbali, Maundu akamwambia aiache.

Akakaa.